Kikombe cha Mama Mdogo

Nyumbani Matiri hakuna aliyewahi kuelewa ninachosomea, na mimi nilichoka kueleza. Shahada yangu inaitwa mikrobaiolojia ya tiba na elimu ya kinga ya mwili. Ukimtajia jina hilo mtu aliyeinama anachuma kahawa, atanyoosha mgongo, atakutazama, kisha atauliza, "Kwa hiyo ukimaliza unakuwa daktari?" Ukisema hapana, atauliza kama ni nesi. Ukisema si nesi pia, anarudi kwenye kahawa yake. Mwishowe kijiji kikajitungia jibu lake: yule binti anasomea wadudu. Baba aliona aibu kidogo. Mtoto wa kwanza kwenye ukoo kufika chuo kikuu, halafu wadudu.

Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyeishi kwetu tangu sijaanza shule. Siku niliyofunga begi kwenda chuo aliniita nyuma ya jiko akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hao wadudu unaokwenda kuwasomea, na wa kifafa yumo?"

Nikamwambia kifafa hakina mdudu. Nilisema kwa uhakika kabisa, mtu mwenye barua ya chuo mfukoni. Alitikisa kichwa, akarudi kuosha vyombo vyake, ambavyo vilikuwa sahani moja, kijiko kimoja na kikombe kimoja cha bati.

Zamani mama mdogo alikuwa muuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Aliteremka Mbamba Bay kwa gari la asubuhi, akanunua usipa wakavu kwa akina mama wa mwambao, akapandisha magunia yake hadi sokoni Mbinga. Alikuwa na mdomo. Mteja akiomba nyongeza, alimwambia, "Kaka, hawa samaki wamepanda mlima wote huu kukufuata wewe, na bado unataka waje na wadogo zao?" Watu walinunua kwake ili wasikie maneno. Wakati wa likizo nilikaa naye nyuma ya meza nikifunga usipa kwenye mifuko, na nilijiona mtu mkubwa.

Nilikuwa kidato cha pili alipoanguka mara ya kwanza. Alikuwa amesimama anampimia mama mmoja, kopo mkononi, akanyamaza katikati ya neno. Kisha akaenda chini na rundo zima la usipa, mwili ukakakamaa, ukaanza kutikisika, povu likamtoka. Mtu akapiga kelele, "Kifafa! Msimguse, povu hilo!" Upande wote ule wa soko ukarudi nyuma. Na mimi nikarudi nyuma. Niliweka mikono mgongoni, kana kwamba povu lingeruka lenyewe linifuate. Mama yangu mdogo, niliyelala naye kitanda kimoja utoto wangu wote, alijigonga kichwa kwenye mguu wa meza mara sijui ngapi, na watu wazima wenye kanga mabegani, kanga ambayo mmoja wao angeikunja tu na kumlaza nayo kichwa, walisimama wakatazama. Walikuwa watu wa kanisani. Wengine Jumapili iliyotangulia tulipeana nao mikono ya amani.

Alipozinduka alijifuta mdomo. Alianza kuokota usipa mmoja mmoja kwenye vumbi. Kuanzia siku ile hakuna aliyenunua chakula mkononi mwake. Hawakumtukana hata kidogo. Walimsalimia vizuri, wakapita, wakaenda kununua meza ya pili.

Tuliporudi nyumbani mama akatoa amri. Mama si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Alisema vyombo vya mdogo wake visichanganyike tena na vyetu, maana mate ya mtu wa kifafa yanaambukiza, na nyumbani kuna watoto. Akanipa kikombe na sahani, akaniambia nitie alama. "Wewe ndiye mwenye mkono mzuri wa kuandika."

Nikachukua msumari. Nje kikombe kilikuwa na masizi na kutu, alama isingeonekana, kwa hiyo nikaingiza mkono ndani nikakwaruza kwenye kitako: alama ya kosa, ileile ambayo mwalimu anaiweka kwenye daftari ukikosea hesabu. Nilibonyeza kwa nguvu ili isifutike kwa kusuguliwa na majivu. Nakumbuka nilijisifu kwamba mistari miwili imekatana sawasawa katikati.

Basi yule aliyekuwa akitugawia nyama sasa alikula peke yake pembeni ya jiko, amekaa kwenye kigoda chake, sisi tumezunguka sinia moja. Zahanati walimpa vidonge, vikiwepo. Visipokuwepo alirudi mikono mitupu na kuanguka mara nyingi zaidi. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza swali moja la maana. Aliulizwa kama ameota ndoto mbaya, kama kuna mtu aliyemwonea wivu wa usipa, kama babu yake aliwahi kuanguka. Msimu mmoja alianguka shambani, kwenye mteremko, wakati wanawake wanachimba ngolo, yale mashimo yetu ya kuzuia maji yasikokote udongo. Akabiringika hadi shimo moja likamdaka. Alivunjika mfupa wa bega. Watu wakasema ana bahati, na kuanzia hapo akakatazwa mlima, akakatazwa jiko la moto mkubwa, akakatazwa ziwa. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo na amebakiziwa kuanua kahawa uani.

Sasa nije chuoni.

Mwaka wa kwanza ulipita kwenye bakteria. Tulijifunza kuwaotesha, kuwapaka rangi, kuwatambua kwa umbo na wakati mwingine kwa harufu. Nilipenda. Mwaka wa pili tukaingia kwenye vimelea, na siku moja mhadhiri akafika kwenye tegu wa nguruwe. Nilikaa sawa, kwa sababu kwetu nguruwe ni kama mtu wa nyumbani. Somo lenyewe lilikuwa slaidi moja. Moja! Magonjwa ambayo sijawahi kumwona anayeyaugua tulikuwa tumeyapa wiki mbili. Mhadhiri akasoma: mtu akila nyama mbichi yenye vifuko vya tegu, anapata tegu tumboni. Tegu huyo anataga mayai, mayai yanatoka na kinyesi. Mtu mwingine akiyameza mayai hayo kupitia mikono michafu au maji, watoto wa tegu wanatoboa utumbo, wanasafiri na damu, wanaweza kujenga vifuko hata kwenye ubongo. Dalili kuu, kifafa. Akabonyeza kitufe, slaidi ikapita.

Nilinyoosha mkono. Nikauliza, hicho kifafa, je, mtu akimshika mgonjwa, povu lake linaambukiza? Darasa likacheka. Mhadhiri mwenyewe akatabasamu, akasema hilo ni suala la imani za vijijini, si la kozi hii, na kuhusu tegu tusome wenyewe zaidi, maswali yake mara nyingi hayaji kwenye mtihani.

Hasira niliyoipata siku ile sikujua niiweke wapi. Nilikwenda maktaba nikasoma mpaka macho yakauma. Kumbe kifafa cha namna hii kinajulikana, kimeandikwa, na kinapatikana hasa huku kwetu na kwa wenzetu wanaofuga nguruwe kwa kuwafungulia. Wameandika kwa lugha ambayo mama hawezi kuisoma, wakaweka kwenye makabati ambayo zahanati ya kwetu haina funguo zake. Na mimi nilikuwa nimemwambia mtu, nyuma ya jiko, kwamba kifafa hakina mdudu.

Kilichonimaliza kilikuwa somo la kinga ya mwili. Mwalimu wa somo hilo, mama mmoja mpole aliyependa kuchora, alitueleza kwamba kifuko cha tegu kikiwa hai ubongoni kinajificha vizuri. Mwili hauoni kitu, na mtu anaweza kukaa miaka anauza zake samaki. Ni mdudu anapoanza kufa ndipo mwili unapomgundua, na hapo unakasirika. Unavimba, unashambulia, na shambulio hilo ndilo linalomwangusha mtu. Alisema kosa kubwa la watu ni kukimbilia kutoa dawa ya minyoo bila picha ya kichwa, maana ukiwaua wote kwa mpigo unaweza kummaliza na mgonjwa. Nilinukuu kila neno. Kichwani nilikuwa tayari napanga nitakavyorudi nyumbani kuwaaibisha watu.

Lakini kabla ya likizo kulikuwa na somo la vitendo, ambalo wanafunzi wote wa fani yangu wanalijua. Kila mmoja analeta kinyesi chake mwenyewe kwenye kikopo, kikopo kinapewa namba badala ya jina, na mnapima cha mwenzenu bila kujua ni cha nani. Ilikuwa siku ya utani mtupu. Msichana wa meza ya mbele akainua kichwa kutoka kwenye hadubini akapaza sauti, "Jamani, kuna mtu humu ana tegu! Mayai yamejaa!" Wakakusanyika kuyatazama, kila mmoja anataka kuona. Mtu akasema huyo lazima ametokea kijijini. Nikacheka nao. Kisha nikaangalia namba iliyobandikwa kwenye kikopo, na ilikuwa yangu.

Mteknolojia wa maabara alikuwa mzee mwenye heshima. Aliniita ofisini peke yangu. Daktari wa chuo akaniuliza kama nimewahi kuanguka au kuumwa kichwa kisichoeleweka, akanipima, ndipo akanipa dawa. Vipande vya mnyoo vilipotoka, yule mzee aliniuliza kama nataka kuvitazama. Nikasema ndiyo. Akakibana kipande kimoja kati ya vioo viwili, akakiinua kwenye mwanga, akaniambia nihesabu matawi ya tumbo la uzazi. Yakizidi kumi na mbili ni tegu wa ng'ombe, yakiwa machache ni wa nguruwe. Nilihesabu tisa. Nikahesabu tena, tisa. Nikamwomba ahesabu yeye. Alihesabu, akavua miwani, akasema, "Tisa, binti yangu. Umekaa naye muda mrefu?"

Nilijua nimekaa naye tangu lini. Sikuhitaji hata dakika moja kulikumbuka hilo.

Nilikuwa darasa la nne, najiandaa kwa Komunio ya Kwanza. Mnunuzi wa nguruwe alipita kijijini, na baba akamtolea dume letu kubwa. Kule kwetu mnunuzi hanunui bila kupima ulimi. Wanaume wawili walimlaza nguruwe ubavu, mmoja akapitisha mti mdomoni, na mnunuzi akauvuta ulimi kwa kitambaa, akaupapasa kwa chini na kidole gumba. Akatikisa kichwa. "Ana vipunje," alisema, akaenda nyumba ya pili. Vipunje vyenyewe ndivyo vile vifuko. Kila mzee wa kwetu Umatengo anavijua. Tulijua kwamba yule nguruwe ni mgonjwa, tulijua kwa vidole, bila hadubini wala shahada. Na hapo ndipo baba, ambaye hajawahi kumdhulumu mtu, alipofanya uungwana wake. Alikataa kumpeleka mnadani na kuficha ugonjwa wake. Alisema hawezi kumuuzia Mkristo mwenzake nyama mbovu. Basi tukamla sisi.

Alichinjwa kwa sherehe yangu. Nilikuwa na gauni jeupe na nilipewa kipande cha kwanza kutoka motoni, kikiwa bado chekundu katikati, kwa sababu mwenye sherehe hasubirishwi. Mpaka leo sijui nimkasirikie nani kwa kipande kile. Baba? Yeye aliogopa dhambi. Mnunuzi? Alisema ukweli akaondoka zake. Bwana afya? Alifika mara moja kwa mwaka kuhesabu vyoo, na choo chetu kilihesabika, ingawa nguruwe waliofunguliwa baada ya mavuno walizunguka nyuma yake wakila walichokikuta. Shuleni tuliimba wimbo wa kunawa mikono katika shule isiyokuwa na bomba. Na vidonge vya minyoo walivyotugawia vilikuwa vya minyoo mingine.

Baada ya Komunio nikaonekana nimekua, nikakabidhiwa kazi ya togwa. Anayejua togwa atanielewa. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe, halafu unatia kimea cha ulezi na kukoroga, na baada ya hapo haurudi tena motoni. Nilichuja kwa mikono yangu, nikikamua makapi ngumi kwa ngumi. Wengine nyumbani walikunywa kidogo. Mama mdogo alibeba dumu zima kwenda nalo Mbamba Bay na sokoni, ndicho kilichokuwa chakula chake cha siku. Alisema hakuna togwa kama la mikono yangu. Alilinywa Jumamosi kwa Jumamosi, kwa miaka minne, mpaka siku ile aliyoanguka.

Siwezi kuthibitisha. Mwanasayansi ndani yangu ananiambia hivyo kila mara: mayai yangeweza kutoka kwa mtu yeyote pale nyumbani, au kwa jirani, au kwenye mboga. Ni kweli. Lakini aliyepatikana na tegu ni mimi, na togwa nilikamua mimi.

Nilirudi likizo nikiwa na hasira juu ya watu wote isipokuwa mimi mwenyewe. Siku ya kwanza, tukiwa tumezunguka sinia na mama mdogo yuko pembeni kwenye kigoda chake, nilianza kuhutubu. Nilisema povu haliambukizi, mate hayaambukizi, miaka saba mnamtenga mtu bure, ni ujinga na ni ukatili. Baba akasema, "Ndicho tulichokutuma ukasomee, kuja kututukana?" Mama akaanza kulia. Mimi nikasimama, nikakichukua kikombe cha mama mdogo kilichojaa chai mbele ya wote, nikapiga mafunda mawili makubwa, nikakirudisha. "Mnaona? Nitakufa?"

Nilitegemea atafurahi. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akaendelea kula. Nikamwona hana shukrani. Ndiyo, hilo nalo liliwahi kunipita kichwani.

Hata hivyo kelele zangu zilizaa kitu. Nilimsumbua daktari wa wilaya kwa karatasi nilizobeba kutoka maktaba mpaka akaandika rufaa, na tukasafiri na mama mdogo kwenda kupiga picha ya kichwa kwenye hospitali kubwa. Daktari wa huko aliiweka picha kwenye kioo cha taa. Madoa matatu meupe, madogo, kama punje za mtama. Akasema ni mabaki ya vifuko vya tegu, wamekwisha kufa zamani, wamebaki makovu. Hahitaji dawa ya minyoo. Anahitaji vidonge vya kifafa kila siku bila kukosa, na ataweza kuishi kama watu. Mama mdogo aliuliza swali moja. "Kwa hiyo si kurogwa?"

"Si kurogwa, mama."

"Na watoto hawawezi kukipata kwangu?"

"Kwako? Hawawezi. Hawakuwahi kuweza."

Mama mdogo akaanza kuitukana Mbinga nzima kwa Kimatengo, polepole, mtaa kwa mtaa, meza kwa meza. Daktari hakuelewa neno. Mimi nilielewa yote na sikumkatiza.

Miezi ilipita hajaanguka. Likizo iliyofuata akanitangazia kwamba anakwenda Mbamba Bay kuchukua usipa, na kwamba mimi nitamsindikiza mara hii tu, akishazoea ataenda mwenyewe. Tuliteremka kona zote zile mpaka maji yakaonekana. Wanawake wa mwambao walikuwa wanageuza usipa kwenye vichanja. Mmoja, mtu mzima, akamtambua. "Ni wewe? Tulisikia ulikufa!" Akamjibu, "Nilikufa, mama. Shikamoo." Wakacheka, wakakumbatiana. Huyo mama alimshika mikono, akaishikilia. Mama mdogo alianza kupekua usipa, anavunja vichwa, ananusa, anakataa, na mdomo wake ukarudi palepale ulipokuwa.

Nilijua nisipomwambia siku hiyo sitamwambia kamwe. Tulipokaa chini kufunga gunia nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: vipunje, kipande chekundu, kikopo changu, matawi tisa, togwa. Nikamwambia, huenda ni mimi niliyekupa. Siwezi kujua kwa hakika, lakini huenda ni mimi.

Hakuacha kukaza kamba. "Hayo mayai," aliniuliza, "mtu anayaona kwa macho?"

"Hapana. Mpaka hadubini."

"Na wewe ulikuwa mtoto."

"Ndiyo."

"Basi hukuyaona." Akafunga fundo, akalivuta kwa meno. Nilianza kupumua. Nilikuwa hata nimefungua mdomo kumshukuru.

"Ila msumari uliuona," alisema. "Uliushika mwenyewe. Ungeweza kutia alama kwa nje. Ulitia ndani, kwenye kitako. Kila nikinywa chai, kila nikinywa togwa, kila nikimeza vidonge vyangu, nikimaliza tu naiona. Kosa. Asubuhi kosa, mchana kosa, jioni kosa. Miaka saba, mwanangu. Nilikuwa nabakiza kidogo kidogo ili nisiione, na mama yako akanisema nachezea chakula."

Katika hasira zangu zote, za mhadhiri, za soko, za baba, za bwana afya, alama hiyo haikuwahi kuwa na nafasi. Na siku ile niliyojifanya shujaa mbele ya sinia nilikunywa mafunda mawili tu, sikufika kwenye kitako.

Tulipanda na gunia letu. Sasa mama mdogo ana meza yake sokoni, si kila mtu ananunua kwake, lakini wananunua. Nyumbani anakula nasi kwenye sinia, na mama alishatoa vikombe vipya vya udongo na kutaka kile cha bati kitupwe. Mama mdogo alikataa. Alikiosha akakitundika kwenye msumari wake mwenyewe ukutani.

Kila nikirudi likizo ananikaribisha, ananiuliza habari za wadudu, halafu anakishusha kile kikombe cha bati na kunijazia togwa mpaka juu. Wengine wote wanapewa vya udongo. Anakaa mbele yangu, mikono mapajani, anasubiri. Nami nanywa mpaka mwisho.